Kofia Nyeupe Mbele ya Jukwaa

Nilimwandaa mama tangu asubuhi, tukila samaki wa kukaanga.

"Mama, Kendarius atachelewa kupanda jukwaani, usinune. Watatangulia wasanii wachanga wawili watatu, watazomewa, usiwaonee huruma. Mdundo utausikia kifuani kabla ya masikioni. Na akinyamaza ghafla akaelekeza kipaza sauti kwa watu, ujue hajasahau. Watu ndio wanaomalizia mstari."

"Kama kanisani tu. Mchungaji anatupa, sisi tunadaka."

"Haswa!"

"Ila kanisani hakuna matusi. Tusi la kwanza tu, Vonetta, mimi huyo nyumbani."

Mama yangu Ernestine ndiye anayepokea na kuketisha watu kanisani kwetu, na akisema anaondoka, huondoka. Enzi zile Kendarius, mdogo wangu, akijifungia bafuni kuchana mistari yake ya rap, mama alikuwa akiongeza sauti ya redio. Mpaka leo anaapa hajawahi kusikia hata neno moja la makelele yale. Chicago wanampigania Kendarius, Houston wanamlilia, mama bado anauliza lini atatafuta kazi. Mimi huwa napandwa na hasira mpaka natoka nje.

Ndiyo maana Kendarius aliponipigia simu, nilikubali kabla hajamaliza. "Dada, mlete. Kuna ule wimbo wa bafuni. Sijaurekodi, sijamwimbia mtu hata mmoja. Nitauimba mwisho kabisa, yeye akiwa pale. Akiondoka kabla, nauzika, na sitauchimbua."

Basi tukaenda. Jumamosi, jua kali, mto Mississippi nyuma ya jukwaa, moshi wa mbavu za nguruwe umetanda uwanja mzima. Memphis yote ilikuwa pale, na mama katikati yake, na kofia yake nyeupe ya ibada, pana kama ungo, na glavu nyeupe mkononi. Watu walipoanza kusukumana kuelekea mbele, aliinua kidole kimoja, vile vile kama kanisani. Jibaba moja lenye meno ya dhahabu likasimama wima.

"Samahani, Mama. Pita. Oya nyie, mpisheni Mama!"

Tukafika mbele kabisa. Mama akampa yule wa meno ya dhahabu peremende kutoka mkobani.

Wachanga wakaja, wakazomewa, wakashuka. Tukangoja. Watu wakaanza kuita jina la Kendarius, taratibu, kisha kwa kishindo, na mimi nikawa napiga kelele kuliko wote. Halafu mdundo ukashuka! Yesu wangu, ardhi ilitikisika. Kendarius akatokea akikimbia, na nikasahau kuwa nina watoto watatu na goti bovu. Nilirukaruka nikalia. Yule mtoto niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu!

Aliiona kofia. Nikamwona anavyoiona. Na kila penye tusi, alilimeza. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi kama tenzi. Nikamtazama mama kwa jicho la pembeni, kisigino chake kilikuwa kinagonga chini.

Wa tatu ndio uliotuponza. Kendarius alilimeza tusi lake kwa adabu zote, lakini mashabiki walifundishwa na nani kuacha pengo? Uwanja mzima ukalimalizia kwa pamoja, na aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yule wa meno ya dhahabu, peremende ya mama ikiwa bado mdomoni.

Mama akashika mkoba.

"Mama, si yeye aliyesema!"

"Aliyewafundisha nani?"

Akageuka. Watu wakampisha, maana kile kidole kilikuwa juu tena. Kule jukwaani Kendarius akaiona kofia nyeupe ikienda zake. Akasimama katikati ya wimbo.

"DJ, zima! Weka ule wa bafuni. Sasa hivi!"

Mdundo mpya ukaingia, mpole. Kendarius akaanza.

*Nilichana bafuni, bomba nimefungulia,*
*Maji yafiche sauti, nyumbani wasije sikia,*
*Kioo kimejaa mvuke, kwa kidole nakiandikia...*

Halafu mazoea yakamchezea. DJ akakata mdundo, na Kendarius mwenyewe akanyoosha kipaza sauti kwa watu, kama anavyofanya kila siku. Wamalizie nini? Wimbo wenyewe hawajawahi kuusikia! Kimya. Wakatazamana. Mtu akaanza kucheka.

"Jina ambalo Memphis siku moja italilia!"

Ilikuwa sauti ya kuita watu wakae, ile inayofika mpaka viti vya nyuma. Mama alikuwa amegeuka, glavu hewani.

Uwanja ukalipuka. Yule wa meno ya dhahabu akambeba mzimamzima mpaka ukingoni mwa jukwaa, mama akimchapa begani kwa mkoba. Kendarius akapiga magoti, akamsogezea kipaza sauti.

"Mama, ulikuwa unasikia?"

"Redio gani ya kunizibia sauti ya mwanangu? Na kuna mstari umeuruka."

"Niliuacha makusudi, Mama."

"Najua. Wa baba yako. Rudi nyuma."

Kendarius akatikisa kichwa. Koti la baba halijaondolewa ukutani tangu tumzike, na ndani ya nyumba yetu hakuna anayelitaja. Mama akamnyang'anya kipaza sauti.

"Koti la baba ukutani, bado lamsubiria," akasema, pole pole, kila neno mahali pake. Kisha akainua kidole kwa watu wote wale. "Haya. Nyote."

Mara ya pili, mstari ule Memphis nzima ilikuwa inaujua.