Gari la Watu Tisa

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hawapendi kumtazama fundi akitambaa chini ya gari. Husimama mbali kidogo, simu sikioni, wakisubiri neno moja tu: linafaa au halifai. Fundi Kimya alikuwa ameshalizoea hilo. Kazi yake haikuwa kutengeneza magari bali kuyakagua. Mtu akipenda gari kwenye yadi, alimwita yeye kwanza aje aliguse, alisikilize, aingie uvunguni na tochi yake, kisha aandike kwenye karatasi alichokiona. Jina hilo alipewa na madalali wa yadi, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, na karatasi zake zilikuwa hazijawahi kumdanganya mtu.

Aliishi peke yake katika chumba nyuma ya duka la mshona nguo. Alikuwa na kikombe kimoja. Cha pili kilivunjika mwaka juzi, na hakuona haja ya kununua kingine, maana hakuwa na mgeni. Zilikuwapo siku ambazo tangu asubuhi hadi jioni hakusema zaidi ya “karatasi yako hii” na “asante”.

Ndipo ikaja ile familia.

Walikuja Jumamosi, msururu mzima, kama wanaokwenda harusini kwa miguu. Mbele alikuwa baba yao, mwalimu wa jiografia, mrefu, mwenye kofia ya jua iliyokwisha rangi. Nyuma yake mkewe, mkunga wa hospitali, mwanamke wa sauti ya juu na mikono isiyotulia. Kisha watoto sita, kila mmoja na mzigo: hema, mikeka, majiko, ndoano za kuvulia samaki. Kifungua mimba alikuwa msichana mkubwa tayari; pacha wawili wa kiume walikuwa katikati; na mkiani kabisa kitinda mimba wa miaka mitano, waliyemwita Nukta kwa udogo wake.

“Dada Fundi,” alisema Mwalimu, “sisi hatutaki urembo. Tunataka gari linalobeba watu tisa, hema tatu, na mama yangu mwenye goti bovu, kisha lipande mlima bila kutuomba tushuke.”

“Na lisiwe na harufu,” aliongeza mkewe.

“Harufu tutaleta wenyewe,” pacha mmoja akadakia, na mwenzake akamnusa kwapa kuthibitisha.

Miguu ya watu hawa ilikuwa na wazimu, kama Mkunga mwenyewe alivyosema. Likizo ikianza tu walikuwa porini, ziwani, mlimani, popote pasipo na paa. Gari lao la zamani lilikuwa limewafia njiani, na tangu siku ile walikaa nyumbani wakitazamana kama kuku walionyeshewa.

Fundi Kimya alipolala chini ya gari la kwanza, alishangaa kuona kichwa kidogo kimejilaza ubavuni mwake.

“Hiyo ni nini?” Nukta aliuliza.

“Springi. Inazuia meno yenu yasigongane kwenye mashimo.”

“Yangu mawili yameshatoka.”

“Basi wewe huna hasara kubwa.”

Mtoto alicheka mpaka akajigonga kichwa. Fundi Kimya hakukumbuka mara ya mwisho alipomchekesha mtu.

Kisha ukaja mtihani wao wa kukaa. Familia ile haikununua gari kwa macho. Wote tisa walipaswa kuingia, na mizigo yao halisi, milango ifungwe, ndipo Mwalimu aamuru. Akisema “Mlima!” wote waliegemea nyuma. Akisema “Kona!” wote walilaliana upande mmoja. Akisema “Ng’ombe barabarani!” wote walitupwa mbele wakipiga kelele. Siku ile Bibi alibaki nyumbani kwa ajili ya goti, na hesabu ikapungua mtu mmoja.

“Dada, tukalie nafasi ya Bibi,” Mkunga alimwambia, akimsukuma ndani kabla hajajibu.

Akakaa kati ya pacha, sufuria mapajani, Nukta akiegemea bega lake. Kona ya kwanza alikakamaa kama mti. Ya pili akajiachia.

Gari lile halikufaa, na alisema kweli: injini ilikuwa inakula mafuta. Jumamosi ya pili walikagua jingine, akakuta tope kavu chini ya mazulia. Lilikuwa limewahi kuzama mafurikoni. Alisema kweli tena. Kila mara alikalia nafasi ya Bibi. Kila mara Mkunga alimlazimisha kula chochote kilichokuwa ndani ya kikapu. Jumamosi ya pili, Nukta alimwita shangazi, na hakuna aliyemsahihisha.

Jumamosi ya tatu walipata gari la kijani. Fundi Kimya aliingia uvunguni akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lilikuwa zima. Aliligonga, alilinusa, aliliendesha mzunguko mzima wa mtaa na kurudi. Lilikuwa zima kama yai. Watoto walikuwa wameketi juu ya hema zao wakimsubiri, na Mwalimu alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alifikiria Jumamosi ijayo. Aliiona wazi: kitanda, dirisha, cherehani ya jirani ikikereza ukutani.

Aliandika: *Giaboksi ina mlio.*

Haikuwa na mlio.

“Basi tena,” Mwalimu alisema, akivaa kofia. “Ya Mungu mengi. Tutarudi wiki ijayo, fundi wetu.”

Fundi wetu. Alilala na neno hilo siku nne. Siku ya tano Mkunga alimpigia simu kupanga safari ya yadi nyingine, na katika maongezi akasema gari la kijani lilichukuliwa na mtu mwingine Jumatatu tu, na zilikuwa zimebaki siku kumi likizo ya shule ianze.

“Tunampeleka Bibi akaone maporomoko ya maji, kabla hajapasuliwa goti. Amelia nayo mwaka mzima,” alisema. “Na huyu Nukta wako, siku hizi halali kitandani. Amesimamisha hema kwenye ukumbi, analala humo. Tunamruka kila asubuhi kama kizingiti.”

Fundi Kimya alicheka pamoja naye, kisha akakaa na simu mkononi.

Jumamosi ya nne waliamkia kwa dalali mmoja aliyeitwa Asali. Ukimsikiliza kwa dakika tano, ulitoka hapo ukiamini kwamba hata toroli lake lina kiyoyozi. Alikuwa na gari jeupe, refu, lenye keria juu na ngazi ya nyuma. Na leo Bibi mwenyewe alikuwa amekuja, na fimbo yake na kilemba kipya.

“Huyu ndiye shangazi wa magari?” Bibi aliuliza. “Mbona mwembamba hivi? Nyinyi mnampa nini?”

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nafasi ya goti langu umeikalia vizuri, nimeambiwa.”

Mlango wa gari jeupe ulikuwa mpana na ngazi yake ya chini. Bibi alipanda bila kushikwa mkono. Watoto wakashangilia. Mtihani wa kukaa ukaanza: mlima, kona, ng’ombe. Fundi Kimya alisimama nje, maana nafasi zilikuwa tisa nao walikuwa tisa. Alitazama vioo vikifunikwa na pumzi zao. Nukta alichora duara kwenye kioo kwa kidole, kisha akavutwa na kona akatoweka.

“Hili ndilo!” Mwalimu alitoa kichwa dirishani. “Fundi, lala chini utubariki, twende zetu!”

Akaingia uvunguni. Chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi bado kwa harufu. Alichukua nyundo yake ndogo akagonga taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kiliitika vizuri. Nyuma ya mlango wa kati hakikuitika. Kilitoa sauti butu, kama mtu aliyejibu huku amefunikwa shuka. Akagonga upande wa pili. Butu vilevile. Gari lile lilikuwa limewahi kukatika vipande viwili, likachomelewa, likajazwa lipu na kupakwa rangi. Mjini lingetembea mwaka mzima. Mlimani, na watu tisa na mizigo, lisingefika mbali.

Alitoka, akajifuta mikono.

“Msilinunue.”

Mwalimu alishuka garini, kofia mkononi.

“Lina nini?” Mwalimu aliuliza.

“Chesisi imekatika. Imeungwa.”

“Tuone.”

Mwalimu alijilaza chini, akamulika. “Naona rangi tu.”

“Ni rangi ya kuzuia kutu, Mwalimu!” Asali alidakia. “Kila gari la mlimani linapakwa. Akitaka kukwangua, alinunue kwanza. Na huyu dada, mtaa mzima tunamjua, kazi yake ni kukataa. Gari lishuke mbinguni na malaika kwenye usukani, atasema malaika ana kutu! Amekataa magari, amekataa wachumba, sasa anataka na nyinyi mzeeke bila gari.”

“Chunga mdomo wako,” Bibi alisema kutoka ndani. “Mama yako hakukuzaa ili utukane watoto wa watu.”

Lakini Mwalimu hakumkemea. Alisimama, akapiga vumbi magotini, na kwa mara ya kwanza hakumtazama Fundi Kimya usoni.

“Fundi, hili ni la nne. Watoto wamechoka. Mama amepanda bila kushikwa, umemwona mwenyewe. Unasema umesikia sauti. Mimi sijasikia kitu. Hata lile la kijani ulisikia mlio, nikaliendesha mwenyewe, sikusikia. Labda sikio lako ni kali mno kwa watu kama sisi.” Akamgeukia Asali. “Lete hizo karatasi.”

Fundi Kimya aliona kalamu ikitoka mfukoni mwa dalali. Aliwaona pacha wakifunga hema kwenye keria. Alijua neno lake halina uzito tena, na alijua aliyeupunguza.

“Lile la kijani lilikuwa zima,” alisema.

Hakuna aliyesikia vizuri, maana sauti yake ilikuwa ndogo. Akarudia.

“Giaboksi haikuwa na mlio wowote. Niliandika uongo. Ndiyo maana hukusikia, Mwalimu. Hapakuwa na cha kusikia.”

Mkunga alishuka garini taratibu. “Uongo kwa nini?”

“Kwa sababu mngelinunua.” Alizima tochi yake. “Na mngelinunua, Jumamosi msingekuja.”

Asali akapiga makofi akicheka. “Si nilisema? Si nilisema!”

“Kwa hiyo,” Mwalimu alisema polepole, “tukuamini leo kwa sababu ulitudanganya juzi?”

“Niaminini kwa sababu leo sina ninachopata. Mkilinunua au msiponunua, nimeshawapoteza.”

Fimbo iligonga bati. Ilikuwa ya Bibi.

“Nishusheni.”

“Mama—”

“Nishusheni nimesema! Mtu havui nguo sokoni bure. Huyu binti amejivua mbele ya huyu chura anayecheka, ili sisi tusife. Mimi humu sikai tena.”

Pacha walimshusha. Mizigo ikafunguliwa, kamba moja baada ya nyingine. Fundi Kimya alitaka kusaidia lakini hakujua kama mikono yake bado inaruhusiwa.

Mkunga alimsogelea. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi.

“Ungesema tu, mdogo wangu. Ungesema, nina upweke. Nyumba yetu hata hodi haipigwi.” Akakunja mkeka uliokwisha kunjwa. “Lakini karatasi, hapana. Mimi nazalisha watu. Nikiandika uongo kwenye karatasi, mtu anazikwa. Sijui nitakutazamaje.”

“Kuna mzee mkaguzi ng’ambo ya mto,” Fundi Kimya alisema, “wanamwita Mzee Spana. Ni mkweli. Mwambieni agonge chesisi kwanza.”

Mwalimu aliandika jina hilo kwenye kiganja chake. Wakaondoka kama walivyokuja, msururu, Bibi akiegemea pacha mmoja. Nukta aligeuka mara mbili. “Shangazi haji?” aliuliza. Fundi Kimya hakusikia waliyomjibu.

Jumamosi iliyofuata alikaa chumbani. Alifua ovaroli, akaianika, akaigeuza. Cherehani ya jirani ilikereza ukutani hadi alasiri, ikanyamaza, naye akagundua kwamba kelele ile ilikuwa afadhali.

Jumatano, likizo ikiwa imeshaanza, simu iliita. Alikuwa Mzee Spana.

“Binti, habari za siku? Niko na watu wako hapa, kijiji kizima. Nimewakagulia gari la bluu. Mimi nasema linafaa, lakini huyu mwalimu hataki kusaini mpaka wewe useme.”

Alikaa kitandani. “Amesema hivyo mwenyewe?”

“Kasema, muulize yule msichana, huyo sasa hawezi kutudanganya. Mimi mtu wa miaka arobaini kwenye kazi, nadharauliwa mchana kweupe! Haya, uliza.”

“Umegonga chesisi?”

“Mara mbili. Inalia kama kengele.”

“Sakafu?”

“Kavu. Nimeinua mazulia yote.”

“Bibi amepanda?”

“Kapanda, kashuka, kapanda tena kujionyesha.”

Nyuma ya sauti ya mzee, watoto walikuwa wakigombania dirisha. Alimtambua kila mmoja. Akijua kwamba neno moja la shaka lingewarudisha yadi Jumamosi nyingine, labda hata kwake, alifumba macho.

“Wanunue,” alisema. “Waambie wanunue leo, wawahi njia.”

“Nikupe uongee nao?”

Alichelewa kujibu. Alipofungua mdomo, mzee alikuwa ameshaondoa simu sikioni na kupaza sauti, “Haya, kasema chukueni!” Kukawa na kelele, kisha karatasi, kisha vicheko, kisha milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho ulihitaji kusukumwa mara mbili. Injini ikawaka, safi kabisa. Mzee Spana alikuwa ametia simu mfukoni bila kukata.

Fundi Kimya alilisikia gari likirudi nyuma, likigeuka, likipita karibu, likienda. Baadaye zikabaki nyayo za mzee kwenye kokoto, na mahali fulani mtu akimsalimu, naye akimjibu kwamba hajambo, kazi nzuri, gari limenunuliwa. Yeye aliendelea kusikiliza, simu sikioni, mpaka salio la huko lilipokwisha.