Nafasi ya Nne

Saa mbili kamili asubuhi Thadeus Ombui alisimama mbele ya meza ya Bwana Nyamweya, akaweka kidonge juu ya ulimi, akanywa maji kwa kikombe cha bati, akameza. Kisha akafungua kinywa.

"Inua ulimi," Nyamweya alisema.

Akainua.

"Shavu la kushoto."

Akalivuta kwa kidole. Nyamweya, afisa wa wafanyakazi wa Ushirika wa Pareto wa Riamonda, aliinama akachungulia ndani kama mnunuzi wa ng'ombe. Aliporidhika alitia alama kwenye daftari akaivuta chai yake karibu. Wiki ya kwanza mpiga chapa aliyekaa pembeni alikuwa akicheka. Sasa hakuinua hata macho.

Kilikuwa kidonge cheupe, kidogo. Syprose Anyiko, muuguzi wa zahanati ya misheni, alikuwa amemweleza habari zake bila kupamba: "Hiki hakikuondolei hamu ya pombe. Kinakuadhibu. Ukinywa hata funda moja utatapika, moyo utaenda mbio, unaweza kuanguka. Na usidhani utaacha Jumatatu ukanywe Jumanne. Kinakaa mwilini wiki mbili."

Barua ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi iliweka sharti la mwaka mmoja bila pombe. Mwaka ungetimia mwishoni mwa Januari 1974. Siku hiyo Nyamweya angetia sahihi fomu, na Thadeus angerudi kuwa mfanyakazi wa kudumu, mwenye haki ya kukaa katika nyumba ya ushirika, vyumba viwili nyuma ya ghala. Persis, mkewe, alikuwa amekwisha kurudi mwezi wa nane kutoka kwa baba yake, kule Ekerenyo, pamoja na watoto wawili, kwa sharti alilolitamka mara moja tu, mlangoni, kabla ya kutua mzigo: pombe isivuke kizingiti hiki. Alikuwa ameondoka mara mbili. Mara ya tatu, alisema, asifuatwe.

Sasa ilikuwa Desemba.

Kwenye karatasi Thadeus alikuwa tarishi. Kwa miaka sita hakubeba bahasha hata moja. Alikimbia. Alikimbia akiwa na jina la ushirika kifuani, akaenda ng'ambo mara mbili akarudi na koti la kijani, na kila aliporudi wakubwa walimpokea kwa bia, kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kumpokea mtu. Kumpa pesa kulikatazwa. Sheria za riadha ya ridhaa zilikuwa wazi: mkimbiaji akipokea pesa kwa kukimbia amejichafua, hawezi kukimbia tena. Blanketi halikumchafua. Bia pia.

Mwaka 1971 mshipa wa kisigino ulikatika. Ndipo walipompa bahasha abebe. Akawa hapati usingizi, kisha akawa anakunywa ili alale, kisha akawa anakunywa tu. Siku moja ya soko alikutwa Magwagwa akikimbia katikati ya wauza ndizi, namba imebanwa kifuani kwa pini, akiwauliza watu imebaki mizunguko mingapi. Walimfunga kwa kamba ya mbuzi wakampeleka hospitali.

"Omomura," Nyamweya alisema, akikoroga chai. Ni neno la kumsifu kijana, na Thadeus alikuwa na miaka thelathini na mitatu. "Jamhuri tuna mbio. Miaka kumi ya uhuru. Kutoka Masimba hadi hapa uwanjani. Mimi ndiye katibu wa kamati. Utakimbia."

"Kisigino, bwana."

"Kisigino nimekiona kila asubuhi kikipanda ngazi zangu. Watano wa kwanza watapewa cheti, na mwajiri wao atapewa ngao. Mwenyekiti anataka ngao. Ukiwa ndani ya watano, mimi nitaandika kwenye fomu kwamba umepona. Ukiwa nje..." Alikunywa chai. "Nitaandika nilichoona."

"Zawadi ni nini?"

"Unaona? Umeshaanza kupona. Bwana Odero ametoa zawadi."

Odero alikuwa wakala wa bia, mtu wa ziwani, mwenye malori mawili na tumbo la heshima. Wa kwanza angepata kreti kumi, wa pili sita, wa tatu tatu. Wa nne na wa tano, blanketi moja moja.

Jioni alimweleza Persis. Yeye aliendelea kumenya ndizi, maganda yakianguka katika karai, hadi alipomaliza.

"Watatu wa kwanza wanapata pombe," alisema.

"Ndiyo."

"Baada ya watano hakuna sahihi."

"Ndiyo."

"Basi kuwa wa nne, Baba Orpah. Blanketi tunahitaji."

Alitazama uso wake aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Asubuhi ya Jamhuri ilikuwa sikukuu, lakini Nyamweya alifungua ofisi kwa dakika tano, suti ikiwa imepigwa pasi, akamtazama akimeza kidonge, akamkagua, akatia alama. Hilo lilikuwa jambo alilolifanya kwa uaminifu.

Wakimbiaji thelathini na wanne waliondoka Masimba saa nne. Thadeus hakuwa amewahi kukimbia mbio ngumu kama hizo. Kushinda ni rahisi: unatoa kila kitu ulicho nacho. Hapa ilimbidi apime. Aliwaacha watatu watangulie, akakaa nyuma yao mita mia moja, akisikiliza pumzi za wanaomfuata. Mtu wa tano alipomkaribia, aliongeza kidogo. Watatu walipolegea mlimani, naye alilegea. Kisigino kilianza kuuma kwenye mashamba ya pareto, maumivu ya kawaida, yasiyo na habari mpya.

Karibu na mji kijana aliyekuwa wa tatu alishikwa na kichomi cha ubavu akaanza kutembea. Thadeus alikuwa anamfikia. Hakukuwa na la kufanya. Aliinama akafungua kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri, akaifunga upya.

Watu kando ya barabara walikuwa wakitafuna miwa na walikuwa na nafasi ya kumtazama.

"Ombui, umeangusha nini? Chupa?"

"Mwacheni, anaomba."

"Kaka, Nairobi ni upande ule. Hospitali haijahama."

Kijana alipata pumzi akaondoka. Thadeus akasimama, akamfuata. Aliingia uwanjani wa nne, hatua thelathini nyuma ya wa tatu na hamsini mbele ya wa tano. Miguu yake ilikuwa na nguvu bado. Hakuna mtu uwanjani aliyejua alichokifanya isipokuwa mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheupe aliyesimama karibu na kamba, naye hakupiga makofi. Aliitikia kwa kichwa mara moja.

Blanketi lilikuwa la kijivu, lenye mstari mwekundu. Walimtandikia mabegani. Persis alishika pindo akalisugua kati ya vidole viwili.

"Sufu kidogo," alisema. "Lakini zito."

Kamati ilikuwa imekaa kwenye kivuli cha turubai. Mheshimiwa aliyetoka Nairobi kutoa zawadi alikuwa ameuliza, kwa kupitisha wakati, kama yule Ombui wa zamani bado yupo. Akaambiwa yupo, amekuwa wa nne. Akasema ni bahati mbaya, angependa kupigwa naye picha. Mheshimiwa akageukia mishikaki.

Nyamweya aliwaita wanakamati kando. Dakika chache baadaye ilijulikana kwamba mkimbiaji wa pili, kijana wa Keroka, alikuwa ameonekana akishuka kutoka gari la maziwa. Aliyemwona alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa shemeji wa Nyamweya. Kijana alilia, akavua viatu akawaonyesha malengelenge. Kamati haikuhitaji malengelenge.

Kipaza sauti kikasema wa tatu sasa ni wa pili, na wa nne, mwanariadha wetu wa kimataifa, ni wa tatu.

Mtu wa kamati alikuja akalitoa blanketi mabegani mwa Thadeus. Alilikunja vizuri. Sasa lilikuwa la aliyekuwa wa sita.

"Mwambie hutaki," Persis alisema.

"Nitamwambia."

Alimwambia kwenye ngazi ya jukwaa, kwa sauti ya chini. "Bwana Nyamweya, mimi ni wa nne."

"Kamati imeamua."

"Kreti wapewe wengine."

"Zawadi ya Bwana Odero unaikataa mbele ya mgeni? Panda."

Alipanda. Kreti zilikuwa zimepangwa kama matofali, na mbele yake kulikuwa na chupa tatu zilizokwisha kuzibuliwa, moja kwa kila mshindi, kwa ajili ya picha. Odero alitaka washindi wanywe, si washike tu; chupa iliyojaa, alieleza, haiuzi bia.

Nyamweya akachukua kipaza sauti. Alitoa karatasi mfukoni, na Thadeus akaitambua kwa muhuri. Ilikuwa barua ya hospitali. Nyamweya aliisoma yote, polepole, pamoja na jina la ugonjwa, miezi minne ya wodi na habari ya kamba ya mbuzi.

"Huyu mnayemwona," alisema, "alikuwa mwendawazimu kabisa. Ushirika haukumtupa. Kila asubuhi nimemtibu kwa mikono yangu hii."

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa pia, kwa vidole.

"Sasa mtu aliyepona tunamjuaje? Mgonjwa anakunywa kreti. Aliyepona anakunywa chupa moja, kama sisi, anaweka chini, anaenda nyumbani kwa mama watoto. Ombui, waonyeshe."

Thadeus alimkaribia. "Asubuhi nimemeza."

"Najua. Si ni mimi niliyekuona?"

"Muuguzi alisema nikinywa..."

"Muuguzi hayumo kwenye kamati." Kipaza sauti alikuwa amekiziba kwa kiganja. "Mheshimiwa ameshika glasi, anakungoja wewe. Fomu iko kwenye droo yangu. Kunywa, tumalize."

Chini, kwenye kamba, Persis alikuwa anatikisa kichwa. Nyuma yake watu waliimba jina la Ombui, wale wale wa miwa. Mheshimiwa aliinua glasi. Mpiga picha akasema tayari.

Alikunywa mafunda mawili. Taa ya kamera ikawaka.

Hakuna kilichotokea kwa dakika kumi hivi. Odero alihutubia. Kisha bendi ilipoanza wimbo wa taifa na kila mtu kusimama wima, joto lilipanda kutoka kifuani hadi masikioni, na uso wote ukaiva. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu mapigo ya moyo wake. Alihesabu hadi akapotea. Hata ng'ambo, kwenye mita mia za mwisho, moyo haukuwahi kwenda hivyo. Alitapika wimbo ukiwa katikati, juu ya viatu vya Odero, ambaye kwa heshima ya taifa hakuweza kuvisogeza.

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele.

"Chupa moja! Hata haijaisha!"

"Huyo alikuwa amejaza kwingine."

"Hajalewa," Persis alisema. Alikuwa amevuka kamba. "Ni kidonge. Bwana Nyamweya, wewe unajua ni kidonge."

"Mama," Nyamweya alisema, akijifuta suti kwa leso, "mume wako amelewa mbele ya wageni. Mpeleke."

Alimpeleka. Alimshika kwapani, akamvusha uwanja mzima, na hakuna aliyewasaidia kwa sababu picha zilikuwa zinaendelea.

Alfajiri ya Alhamisi Thadeus alipoamka alimkuta Persis sakafuni anapanga sufuria katika kikapu kikubwa, akitia majani makavu ya mgomba kati ya moja na nyingine. Barua ya ushirika ilikuwa imefika usiku kwa mkono wa mlinzi, na Persis alikuwa ameisoma. Alionekana hadharani katika hali ya ulevi. Amevunja sharti la hospitali. Kazi inakoma baada ya siku thelathini, nyumba pia.

"Unapanga vya wangapi?" alimuuliza.

Persis alitia sufuria nyingine.

Saa mbili kamili alikuwa ofisini. Mpiga chapa hakuinua macho. Nyuma ya kiti cha Nyamweya, ukutani, ziliegemezwa kreti tatu. Ushirika, ilielezwa, usingeweza kuruhusu pombe kuingia nyumba ya mgonjwa, kwa hiyo zilihifadhiwa. Mbili zilikuwa na chupa tupu. Ya tatu ilikuwa imebaki na nne.

"Nimesoma barua," Thadeus alisema.

"Vizuri."

"Basi kidonge hakina kazi tena."

Nyamweya alifungua daftari, akatafuta tarehe kwa kidole. Macho yake yalikuwa mekundu na pumzi yake ilinuka bia ya jana.

"Siku thelathini bado wewe ni mtu wetu," alisema. Alisukuma kikombe cha bati. "Meza."

Thadeus alikitazama kidonge. Alikiweka juu ya ulimi, akanywa, akameza.

Nyamweya aliinama juu ya meza, akasogea karibu kabisa, na harufu yake ikasogea pamoja naye.

"Fungua," alisema. "Inua ulimi."