Spika za Baba Justa

Mwaka 1953 Mzungu mmoja wa mgodini alirudi kwao, akamwachia Maduhu spika mbili ndefu kama makabati. Maduhu, ambaye watu walimwita Baba Justa, alikuwa na ukumbi wa dansi pembeni mwa Geita. Alizifunga kwenye amplifaya yake ndogo, akaweka santuri. Sauti ilitoka inakwaruza, na alipoiongeza ikazidi kupasuka.

Akamwita Pantaleo, fundi redio aliyejifunzia kazi jeshini wakati wa vita vya Burma. Pantaleo alisikiliza kidogo, akazima. Akaeleza kwamba spika ni nzima. Amplifaya ndiyo inayohema. Spika kubwa namna ile zinataka chombo cha kuzisukuma na kuzishika, na chombo kidogo kikilazimishwa mwishowe kitaziunguza. Akasafiri hadi Mwanza, akarudi na amplifaya kutoka jumba la sinema lililofungwa, nzito ya kubebwa na watu wawili. Akaziunganisha spika nyuma yake, kwenye matundu yaliyolingana nazo, kwa waya mnene na mfupi, maana waya mrefu hula sauti.

Santuri ya kwanza ilipolia, Pantaleo alijikuta amekaa sakafuni. Alisikia vidole vya mpiga besi vikiteleza kwenye nyuzi, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Alikuwa ametengeneza vyombo vya watu miaka mingi, hajapata kusikia kitu kama kile. Limi, mkewe Maduhu, alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yakimlengalenga.

Limi ndiye aliyetambua kwanza kwamba kuna mngurumo. Santuri ilikuwa imekwisha, sindano imeinuliwa, lakini maji ndani ya sufuria yalikuwa bado yanatetemeka.

Pantaleo alidhani ni umeme unaovuma ndani ya amplifaya, ugonjwa wa kawaida wa vyombo vile. Akachomoa nyaya za spika. Mngurumo ukabaki. Akatoka nje akazima injini ya umeme, akarudi na kulaza kiganja kwenye saruji. Kitu kilikuwa kikivuma huko chini, polepole, kisha kikanyamaza.

Alimwendea Cornel, fundi cherehani aliyewahi kuchimba dhahabu sehemu zile kabla ya vita. Cornel alimwambia kwamba chini ya ukumbi kulipita njia za mgodi wa zamani. Midomo ya mgodi huo ilizibwa, lakini ndani hakukujazwa kitu, na magogo yaliyoshikilia dari lazima yameoza.

Maduhu hakutaka kusikia habari hizo. Dansi la Jumapili lilikuwa limeshatangazwa kambi zote za wachimbaji.

"Sakafu inajibu, Baba Justa," Pantaleo alisema. "Nikipiga besi, inajibu."

Mwisho wakaafikiana. Spika zitolewe uani, watu wacheze nje. Amplifaya ibaki ndani karibu na dirisha, kwa sababu ya ule waya mfupi, na asiingie mtu ila wa kubadilisha santuri. Maduhu akasema atakuwa yeye mwenyewe. Pantaleo angeweza kukataa, lakini alitamani mno kuzisikia spika zile mahali pa wazi.

Jumapili alasiri uwanja ulijaa. Muziki ulishuka hadi bondeni, safi, bila mkwaruzo. Limi hakucheza. Tangu asubuhi alikuwa amempeleka mtoto wao Justa kwa jirani na kuhamisha vyombo vya jikoni. Alimfuata Pantaleo akamuuliza kama anausikia ule mngurumo. Pantaleo akajibu kwamba kwa muziki ule mtu hawezi kusikia kitu kingine.

"Ndiyo maana nakuuliza," Limi alisema.

Watu wakadai sauti zaidi. Maduhu akawapungia mkono dirishani, akacheka, akazungusha kitufe. Besi ikaingia vifuani mwa wachezaji. Kisha muziki ukakatika.

Wengi walidhani santuri imekwisha. Wengine walipiga makofi, wakasubiri nyingine. Vumbi likatoka dirishani taratibu. Paa likabonyea katikati, ukuta ukalifuata, na mahali pa ukumbi pakabaki shimo linalotoa hewa ya baridi.

Watu wa mgodini waliteremka kwa kamba. Walikuta magogo na maji, wakarudi bila Maduhu. Msimamizi wao alisema mvua za mwaka ule ziliingia chini, na ukumbi ungeanguka hata hivyo.

Limi alipokuwa akiondoka na Justa kwenda kwao Didia, alimwita Pantaleo kando ya lori.

"Bila muziki, ungeanguka?"

Pantaleo alisema hajui.

"Wewe ndiye fundi," Limi alisema, bila ukali. Akampandisha mtoto, naye akapanda, na lori likaondoka.