Meneja Alilala Mlangoni kwa Shemeji

Mbwa alimpenda shemeji. Tatizo lilikuwa hilo, wala tusilizungushe. Fundi rangi ndiye aliyemleta nyumbani, ndiye aliyelipia sindano zake, ndiye aliyempigilia kibanda cha mbao. Lakini miaka kumi na mitano yote mbwa huyo alilala uani, mlangoni kwa mdogo wa kiume wa mkewe.

Alimleta akiwa kitoto cha kuenea kwenye kofia, kimefichwa ndani ya ovaroli, kutoka gereji alikokuwa akipiga magari rangi. Njia nzima kile kitoto kilipiga chafya. Fundi akasema kina mafua. Jina alikipa yeye pia: Meneja, maana kilipowekwa chini kilitafuta kivuli, kikajilaza, kikawatazama watu wakifanya kazi.

Shemeji wakati huo ndiyo kwanza alikuwa amehamia chumba cha uani. Alikuwa fundi redio. Angekuwa muuza nyama tungeelewa, tungesema ni mifupa. Lakini redio! Mtu anakaa kutwa kwenye kigoda, bisibisi mkononi, hambembelezi mbwa, hata kumwita hamwiti. Meneja alimzunguka mara moja, akajibwaga juu ya miguu yake, basi, ndoa ikafungwa.

Aliyekuja kumfumbua macho fundi ni binti yake, akiwa bado wa kwenda shule na mfuko mgongoni.

"Baba, si wewe. Ni thina. Unanuka thina mpaka masikioni."

Thina ni yale maji makali ya kuyeyushia rangi. Fundi akaliona hilo jambo dogo. Jioni ile ile akajisugua mwili mzima kwa petroli, kwa kuwa ndiyo dawa ya thina aliyoijua, akamalizia na sabuni, akachuchumaa uani na kipande cha nyama. Meneja akaja hadi nusu ya njia, akapiga chafya kama bibi aliyezidisha ugoro, akageuza.

"Sasa unanuka kituo cha mafuta, baba watoto," mkewe akasema, akicheka mpaka akashika ukuta.

Shemeji naye alicheka, kidogo tu, puani. Kicheko kile kilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki.

Meneja akaishi, akaishi sana. Alimsindikiza binti shuleni kila asubuhi, akarudi peke yake, taratibu, kama mzazi mwenye shughuli zake. Alimshika mwizi wa nguo kwenye kamba, akamng'ang'ania suruali mpaka mtaa mzima ukaamka. Alitafuna kiatu kimoja cha harusi cha jirani, na ugomvi wa kiatu kile haujaisha hadi leo. Mambo hayo yalisimuliwa mezani kila watu walipokaa, na kila yaliposimuliwa, mwisho wake ulikuwa kwa shemeji. Hata ile mara aliyopotea siku mbili, kilichokumbukwa ni kwamba shemeji alisimama njia panda, akapiga mluzi mmoja, Meneja akatoka kwenye mtaro.

"Na mimi nilimtafuta," fundi akasema siku moja. "Nilikwenda mpaka ng'ambo ya reli."

"Ulimtafuta, baba watoto, nani amekataa?" mkewe akamjibu, kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto aliyeanguka.

Uzee ukaingia. Macho ya Meneja yakafanya ukungu, masikio yakaziba, ikabaki pua. Daktari wa mifugo akamshika mbavu, akasema, "Huyu wa miezi tu sasa." Wengine wakahuzunika. Fundi alikuwa anapiga hesabu: kama mbwa huyu atanijia hata mara moja, ni sasa.

Jumapili akasimama mlango wa uani.

"Shem, chumba nakihitaji. Niweke rangi."

Shemeji akaweka bisibisi chini. "Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Sawa. Basi Meneja niende naye. Siku zake zenyewe ndiyo hizi."

"Mbwa ni wa nyumba hii."

Mkewe alimsubiri chumbani. "Unamfukuza mdogo wangu kwa sababu ya mbwa?"

"Kwa sababu ya rangi."

"Rangi! Miaka yote hii rangi yako ilikuwa inalala wapi, kitandani kwetu?"

Hakuambilika. Shemeji akabeba redio zake na kigoda chake, makopo ya rangi na thina yakaingia mahali pake. Fundi alijua Meneja ataikimbia ile harufu na kuja kwake barazani. Wapi! Mbwa alilala pale pale mlangoni, akipiga chafya, machozi yakimchuruzika, wala hakusogea. Fundi akaomba ruhusa kazini. Akaacha kabisa kugusa rangi, akaoga asubuhi na jioni, akahamishia kiti chake uani. Meneja alimpa mgongo.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Uani kulikuwa na tope, na fundi hakutaka kulowesha viatu. Nyuma ya mlango wa chumba kile akaona ndala kuukuu, zimelika kisigino, akazivaa, akaketi. Meneja akainua pua. Akajikusanya kwa awamu, miguu ya nyuma kwanza, akaja akiyumba, akalaza kidevu juu ya vidole vya fundi na kushusha pumzi ndefu.

Fundi hakuthubutu hata kukohoa.

"Mama! Njoo uone! Amekwenda kwa baba!" binti akapiga kelele. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye kazi yake, lakini alirukaruka kama mtoto.

Mkewe akatoka na povu mikononi. Akamtazama mbwa. Akazitazama ndala. Akarudi ndani.

Fundi naye aliinama akatazama, akaelewa ni za nani. Hakuzivua. Kesho yake alizivaa tena, na keshokutwa. Akaanza kuwatambia majirani: Meneja ananitaka mimi sasa, haniachi.

Mbwa alipoacha kula, mkewe akamwambia, "Mpigie mdogo wangu aje amuage."

"Kesho."

Kesho yake akaulizwa tena, akajibu hivyo hivyo. Alijua shemeji akiingia pale uani, Meneja atainua kidevu na kuifuata miguu yenyewe, na watu wote wataona. Roho ilikuwa haimpi.

Meneja akafa mchana, pua yake ikiwa kwenye ukanda wa ndala ya kushoto.

Binti ndiye aliyempigia simu mjomba wake. Shemeji akaja na jembe, akachimba mwenyewe, akazika, akasawazisha udongo kwa kiganja. Alipoinuka kujifuta uso ndipo alipoiona miguu ya fundi.

"Shem, ndala zangu hizo."

"Ndizo."

"Alizijia?"

"Alizijia."

Shemeji akatikisa kichwa polepole. "Basi alidhani nimerudi," akasema. Akaliegemeza jembe ukutani, akamuaga dada yake, akaondoka.

Hajakanyaga tena pale. Dada yake humfuata huko huko alikohamia kila Jumapili, anaondoka asubuhi, anarudi taa zimewashwa, na fundi hula chakula kilichopoa, peke yake. Binti humsalimu baba yake vizuri, kwa adabu zote, lakini akiwa na shida au furaha humpelekea mjomba. Habari za Meneja bado zinasimuliwa nyumbani, mwizi, kiatu cha harusi, mtaro. Fundi huzisikia akiwa nje, na akiingia, watu hunyamaza na kuuliza kama atakunywa chai. Hayo ndiyo aliyolipa. Alichopata ni kidevu cha mbwa juu ya miguu yake, kwa muda ambao hata wiki mbili haukutimia.