Vumbi Chini ya Kifuniko

Mzee Pima hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Jina hilo watu walimpa kwa sababu ya kazi yake ya kupima ardhi, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyomharibu. Alishaona mawe ya mpaka yakihama kidogo kidogo kuelekea kwa jirani, na kila mtu akiapa kwamba hajui yamefikaje huko. Alishaona ndugu wa tumbo moja wakimkaribisha chai upande huu wa shamba ili asiangalie upande ule. Alipostaafu, alibaki na tabia ya kumtazama kila mgeni kama mtu aliyeficha koleo mgongoni.

Basi mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alipokuja kukaa kwake juma moja kwa ajili ya mafunzo ya kazini, na asubuhi moja akamwambia, "Baba, hiyo laptopu yako nitakuongezea memori, iwe nyepesi," mzee alitua kikombe taratibu.

"Kwani nimelalamika?"

"Hujalalamika. Lakini jana ulifungua ramani moja, ukaenda kuoga, ukarudi, bado inafunguka."

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichomkera. Humo ndani mlikuwa na ramani zote alizopima maisha yake yote. Mpaka leo watu wakigombania mipaka walimjia yeye, na yeye ndiye aliyewaonyesha jiwe lilipokuwa. Mtu akizitia mkononi ramani zile, ana mtaa mzima mfukoni. Sasa huyu binti, bila kuombwa, anataka kuifungua mashine. Anatafuta nini?

Kilichomchafua zaidi ni alasiri hiyo, alipomsikia akiongea kwenye simu nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini. "Bado hajakubali. Niachie mimi, nitambembeleza polepole." Mzee alijifanya anamwagilia maua. Maua yenyewe yalikuwa yameshamwagiliwa asubuhi.

Hata hivyo kesho yake alikubali, kwa masharti. Kazi ifanyike sebuleni, mlango wazi, na yeye awe ameketi palepale.

"Hata ukitaka kushika bisibisi mwenyewe, shika tu Baba," mkamwana akasema akicheka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za hospitali, na kompyuta kwake zilikuwa kama mchezo. Aliiwasha kwanza, akatazama, akakunja uso. "Hii ina memori ndogo sana. Kipande kimoja."

"Viwili. Cha pili aliniwekea Spika."

Spika alikuwa na duka la kutengenezea redio na kompyuta kwenye barabara kuu. Sauti yake ilisikika kabla hujaliona duka, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kila jioni yeye na mzee walicheza drafti nje ya duka lile. Kama kulikuwa na mtu mmoja chini ya jua ambaye Mzee Pima hakumpima, ni huyo.

"Kompyuta inasema kimoja, Baba."

"Basi inasema uongo."

Mkamwana hakubishana. Aliizima, akachomoa waya, akatoa betri, akaipindua juu ya taulo. Alianza kulegeza skrubu moja moja na kuziweka kwenye kisahani. Mzee alizikodolea macho kana kwamba zingetoroka.

"Jana kwenye simu," akasema ghafla, "nani huyo wa kubembelezwa?"

"Wewe." Hakuinua hata kichwa. "Mwanao anataka uhamie kwetu. Nilimwambia asikukurupushe."

"Nilijua!"

"Basi sema mwenyewe, nimpelekee jibu."

"Nakataa."

"Sawa, nitamwambia." Akaendelea na skrubu zake. Mzee akabaki na ushindi usio na utamu wowote.

Hapo ndipo hodi ikapigwa. Jirani alitaka kuazima ngazi, na jirani huyo akianza kuongea humalizi naye. Mzee alimjibu huku shingo imegeukia ndani, akamsukumia ngazi, akarudi mbiombio. Alikuta kifuniko kimeshatolewa. Mkamwana ameketi, mikono mapajani, anamsubiri.

"Njoo uone."

Ndani kulikuwa na nafasi mbili ndefu, sambamba. Moja ilikuwa na kibao chembamba cha kijani. Nyingine ilikuwa tupu.

Mzee alimgeukia. "Kiko wapi?"

"Hakikuwemo."

"Nimetoka hapa muda mfupi tu! Kiko wapi? Kumbe kunifanyia wema kote kule! Toa ulichochukua, binti. Toa, yaishe."

Mkamwana alisimama. Sauti yake haikupanda. "Sijagusa kitu humo, Baba. Wewe ni mpima ardhi. Angalia mwenyewe."

Mzee alichukua tochi na lenzi yake ya kusomea ramani, akainama. Alitaka kumkamata, hivyo aliangalia vizuri. Vumbi lilikuwa limetanda kama blanketi la kijivu, zito. Lilianzia pembeni, likavuka ile nafasi tupu, likapanda juu ya kibao cha kijani bila kukatika popote. Hapakuwa na mchubuko wala alama ya kidole. Maisha yake yote alikuwa akipiga magoti na kusoma udongo, akijua jiwe gani limeng'olewa na lipi halijawahi kuwekwa. Hapa hapakung'olewa kitu. Hapa hapakuwahi kuwekwa kitu.

Alizima tochi, akaketi.

"Malizia," akasema.

Mkamwana aligusa chuma cha dirisha kwanza, asije akaunguza memori kwa umeme wa mwilini. Akapuliza vumbi, akatoa kibao cha zamani, akachomeka viwili vipya alivyokuja navyo, kwa mshazari, akavibonyeza mpaka kila kimoja kikalia *tak*. Alipoiwasha, ramani ya kwanza ilifunguka mzee akiwa bado anatafuta miwani.

Hakusema asante. Alivaa kofia akatoka.

Spika alimwona kwa mbali. "Mpimaji wangu! Leo umewahi!" Alishaanza kupanga kete.

"Ile memori," mzee akasema, "uliiweka?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Spika ilishuka. "Niliagiza, haikufika. Nikasema utakuja kesho nikueleze. Ukaja, ukaiwasha hapahapa mbele ya wateja, ukapiga kelele, 'Sasa hii ni ndege!' Ukaniita fundi wa mafundi. Nikaona haya kukukatiza."

Mzee alikumbuka. Hata alimpigia makofi.

"Na ilipofika?"

Spika alizitazama kete. "Alikuja mtu na haraka yake. Nikamuuzia."

"Uliona haya kuniambia. Kuuza hukuona haya."

Mzee aliondoka bila kuketi. Miezi ilipita kabla hajarudi kwenye drafti, na aliporudi walicheza vizuri tu, ila redio yake akawa anaipeleka kwa fundi mwingine.

Jioni ile alimkuta mkamwana jikoni anaosha vyombo, mgongo ameupa mlango.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema.

Alitarajia ajibiwe kwamba hakuna neno, yamepita. Mkamwana alifunga bomba.

"Umenikosea kweli, Baba. Umeniita mwizi, na nimeolewa kwenu miaka yote hii."

Mzee alisimama akikosa pa kuweka mikono. Mwishowe alichukua kitambaa, akaanza kufuta sahani, moja baada ya nyingine, vibaya, akiziacha na maji. Mkamwana alimpokonya moja, akaifuta upya.

"Hivi," akamwambia. "Zungusha mpaka ukingoni."