Wanaolala Nyuma

Falsafa ya elimu ya Mwalimu Truphena Otiende ilichapwa kwenye saiba, duka la kompyuta la Spine Road, naye akakesha akiikariri kwa ajili ya usaili. Watu wazima wenye diploma, bado wanakesha wakikariri.

"Mtoto ni mche, na mwalimu ndiye mtunza bustani," alianza.

Bi. Mbaluka alimkatiza. Ndiye mwenye shule hii ya binafsi huko Buruburu, na alikuwa akitafuta naibu mwalimu mkuu.

"Huo mche nimeletewa na watu wawili asubuhi hii. Mlichapiwa mahali pamoja?"

Truphena angecheka, lakini hata kucheka kunataka nguvu. Aliitaka kazi hii kuliko alivyowahi kutaka kitu. Kule Kayole alikofundisha, darasa lake lilijaa hadi mlangoni, koo lilikuwa limemwisha, na kila Jumapili jioni alishikwa na huzuni akiifikiria Jumatatu.

"Niambie yako mwenyewe," Bi. Mbaluka alisema.

"Mtoto ambaye hajalala hafundishiki," Truphena akajibu, kwa kuwa alikuwa amechoka kukariri. "Wanafunzi wangu wengi mama zao hufanya shifti ya usiku viwandani, Industrial Area. Watoto ndio hubaki na wadogo zao. Asubuhi nauliza nani hakulala. Anayeinua mkono anaenda dawati la nyuma, analaza kichwa, na hakuna ruhusa ya kumwamsha. Hata mkuu wa shule akiingia."

"Na malengo yako?"

"Kufundisha mahali ambapo sauti yangu inafika ukutani bila kupiga kelele."

Bi. Mbaluka aliweka kalamu chini.

"Wazazi wa shule hii wakikuta mtoto amelala watanila mbichi. Lakini wewe angalau una kichwa chako. Nitakupigia leo kabla ya saa nane. Shika simu, Mwalimu. Mimi sibembelezi mtu. Asiposhika, naenda kwa anayefuata."

Truphena alirudi darasani kwake Kayole miguu ikiwa mizito na moyo ukiwa mwepesi kidogo. Aliandika hesabu ubaoni, akaongeza sauti ya simu, akaiweka mezani mbele ya macho yake. Kisha akaketi kupumzisha miguu, na hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyekesha hapumzishi miguu peke yake.

Alipozinduka, darasa lilikuwa kimya namna ambayo hakuwahi kuiona. Watoto walikuwa wakinakili hesabu taratibu, bila kelele. Kando ya meza yake alisimama Mbithe, kidole mdomoni, akiwalinda wasiongee. Mama yake Mbithe alikuwa akifungasha biskuti kiwandani usiku kucha, na mtoto huyu alilijua dawati la nyuma kuliko wote.

Simu haikuwa mezani.

"Iko wapi?"

Mbithe aliitoa mfukoni mwa sweta. "Nilizima, ticha. Ilikuwa inalia, inanyamaza, inaanza tena. Nikaona itakuamsha."

Truphena aliiwasha. Ujumbe ulikuwa mmoja: *Nimepiga mara mbili. Nafasi nimempa mwingine. Kila la heri.* Saa nane ilikuwa imeshapita.

Hasira zilimpanda. Alitaka kumfokea yule mtoto, alitaka kuitupa simu dirishani, na zaidi ya yote alitaka kulia. Akaziona ukutani sheria za darasa, kwa mwandiko wake mwenyewe, hiyo ya kutoamshana ikiwa ya kwanza. Akatazama darasa lote lililokuwa likimchungia usingizi wake, watoto ambao asubuhi nyingine hata kengele hawaisikii kwa kelele zao.

"Nimekosea, ticha?"

Jibu la kweli lilikuwa chungu.

"Hapana," alisema. "Umefanya nilivyokufundisha. Wewe jana ulilala?"

Mbithe akatikisa kichwa.

"Basi nenda nyuma."

Mtoto akaenda, akalaza kichwa. Truphena aliinuka kwa kushikilia meza, akachukua chaki, akaendelea na hesabu kwa sauti ya chini. Siku hiyo sauti hiyo ilifika ukutani.