Foleni ya Mama Pasi

Kengele ya mapumziko ilipolia, mshona kola alizima cherehani akakumbatia kifua. Maziwa yalishaanza kulowesha aproni. Kila siku saa hiyo mama mkwe humleta mtoto getini, naye humnyonyesha kati ya nondo, kwa sababu kichanga haruhusiwi kuingia kiwandani na mshonaji haruhusiwi kutoka.

Leo msimamizi alikuwa ameweka uchaguzi saa hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza wanawake nao wangemchagua mwakilishi wa wafanyakazi, na kwa mara ya kwanza mwanamke alikuwa anagombea: Mama Pasi, wa chumba cha kupigia pasi, aliyedai kina mama wapewe chumba cha kunyonyeshea. Mpinzani wake alikuwa mkata vitambaa, swahiba wa msimamizi.

"Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka," msimamizi alitangaza uani. "Atakayetoka kwenye foleni, kura yake imekwenda na maji."

Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Nani yuko na nani, wote waliona, na msimamizi aliona zaidi. Mshona kola alijipanga nyuma ya Mama Pasi. Tangu mumewe apunguzwe kazini, kibarua hiki ndicho kilicholisha nyumba.

Kilio kikaanza getini. Alikijua. Asubuhi mama mkwe alikuwa amemwambia, "Kura, kura! Kura itamnyonyesha mtoto?"

Msimamizi hakuhesabu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Vilio viliongezeka. Mama mmoja aliinamisha kichwa akaenda getini, kisha mwingine. Kwenye foleni ya mkata vitambaa watu walikuwa wanatafuna mkate bila wasiwasi. Ulikuwa uhuni mtupu, uhuni uliovaa tai.

"Dada, nisamehe," mshona kola alinong'ona. "Mwanangu atakauka koo."

"Nenda, mdogo wangu," Mama Pasi alijibu. "Nakuja."

Alidhani amesikia vibaya. Lakini mtoto alipokuwa ameshashika titi, mikononi mwa bibi yake upande wa pili wa nondo, Mama Pasi alifika na foleni yake yote, akasimama mbele ya wanaonyonyesha, nao wakawa nyuma yake.

"Si umesema tusimame nyuma ya tunayemtaka, bosi? Mimi nimesimama hapa. Hesabu."

Uso wa msimamizi uliiva. Akagonga kengele kwa nguvu.

"Muda umekwisha! Mkata vitambaa ameshinda. Asiyerudi kwenye mashine sasa hivi, kesho asije!"

Mshona kola alimfikiria mumewe, akafikiria sufuria tupu. Miguu ilitaka kukimbia, lakini mtoto hakuwa ameshiba. Akatazama kulia na kushoto, hakuna aliyeondoka.

Nje ya geti, mama mkwe alimtazama msimamizi toka viatu hadi miwani, akasonya.

"Mwanamume mzima, kuhesabu tu kumemshinda."

Akapenyeza kidole kati ya nondo, akamgusa mkwewe begani.

"Moja," alisema kwa sauti.